Ufunguo wa Kibanda cha Kidawa

Hapo zamani, enzi ambazo hata sokwe alikaribishwa kwa sinia, Mwinyi wa Kigongo alimfuga sokwe jike aitwaye Kidawa. Aliletwa mchanga, mama yake ameuawa, msituni hana wa kumrudia. Mwinyi akamhurumia, akaamuru: huyu mgeni wangu, na mgeni hamenyi.

Basi akamenyewa. Ndizi akamenyewa, karanga akabanguliwa, embe akakatiwa. Bibi harusi gani aliyapata hayo? Sinia likawa jeupe kabla hujamaliza kupiga chafya. Halafu? Halafu mchana kutwa Kidawa ananyonyoa manyoya yake mwenyewe, mpaka mikono ikabaki uchi na vidonda.

Mwinyi akalia. Akasema, "Atakayemponya nitampa ufunguo wa kibanda chake. Amlee yeye peke yake."

Asubuhi moja mpishi, Bi Mwanakheri, aliamka kidole kimevimba. Kumenya hawezi. Akazifukia ndizi na maganda yake kwenye majani makavu ya kibandani, Mwinyi asizione. Kidawa akazisaka. Akafukua, akanusa, akamenya, akafukua tena. Mkono ukasahau kunyonyoa.

Fundi Mbwana, msusi wa mapakacha, akaona. Akasuka pakacha, akatia karanga, akalifunga. Kesho fundo jingine, keshokutwa jingine. Kidawa anafumua mpaka adhuhuri.

Likaja fundo gumu. Kidawa akatupa pakacha, akarudia manyoya. Mfagiaji, Siwema, akaketi nje ya fito za kibanda na pakacha lake, akafumua polepole. Kidawa akatazama, akaokota lake, akafumua. Akapenyeza karanga moja kwenye fito, akampa Siwema.

Manyoya yakaota. Mwinyi akaja na ufunguo.

"Bila mimi mngekuwa bado mnamenya," akasema mpishi.

"Wewe kidole kilikuuma tu," akasema Mbwana. "Kingepona, ungemenya tena. Aliyeumiza kichwa ni mimi."

"Fundi, umewahi hata kumgusa?" akauliza Siwema. "Unalirusha pakacha kutoka kule kama unafukuza kunguru. Alipokwama, nilikuwepo mimi."

"Ukila karanga zake," akasema mpishi.

"Alinipa mwenyewe, bibi. Wewe amewahi kukupa nini?"

Bi Mwanakheri akainamisha kichwa. "Alilala kifuani pangu tangu alipoletwa. Nilimmenyea kwa mapenzi. Sikujua namuumiza."

Hapo hata Mbwana akatazama pembeni.

Ufunguo ni mmoja, na Mwinyi havunji ahadi yake. Akimpa huyu, wale wawili hawamgusi tena Kidawa. Enyi mnaokohoa huko nyuma kama hamkusikia: mkono wa Mwinyi uko hewani na ufunguo. Je, ufunguo ule nani aliustahili?