Unga wa Mkwe na Chenga za Tunu

Paukwa!

(Pakawa!)

Paukwa tena, maana wa huko nyuma wameanza kusinzia!

(Pakawa!)

Hapo zamani za kale, jiwe la kusagia lilipokuwa likisikika hadi kwa jirani, palikuwa na mjane kijana, jina lake Subilaga. Mumewe alikufa akamwachia nyumba, shamba la mahindi na nguruwe jike mmoja aitwaye Tunu. Tunu akazaa. Akazaa, akazaa, watoto wakajaa zizini!

Subilaga akampa mahindi makavu, mazuri, punje nzima nzima. Tunu akala. Kwacha-kwacha-kwacha! Akaongezewa, akala. Lakini mbavu zikatokeza. Maziwa yakapungua. Watoto wakalia: kwii! kwii! kwii!

Shemeji yake Ambakisye, kaka wa marehemu, akaja akaegemea zizi.

"Shemeji, huyu anakula kama moto na hana faida. Mavuno yakiisha tunamchinja."

 Subilaga hakuwa na mfugo mwingine ila kuku, na kuku hawakuhesabiwa; desturi ya kijiji kile ilikuwa hivi: mjane asiye na mifugo hurudishwa kwao.

Akaenda kwa Bibi Anyelwisye. Ah, Bibi yule! Mdogo wa mwili, mkali wa mdomo. Sisi hatukumwona, na tunampenda hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda? Nani anakunyonya?"

"Si mimi, Bibi. Ni Tunu."

Bibi akafika zizini. Uso wa nguruwe hakuutazama. Akazunguka nyuma, akaokota kijiti, akachokoa mavi. Choko, choko, choko. Wanawake waliokuwa wakipita wakaziba pua, wakacheka. Bibi akaosha alichokiokota, akakiweka kiganjani. Punje ya mahindi, nzima, kama ilivyotoka ghalani.

"Kuku wako wamenona?"

"Wamenona, Bibi. Wanashinda humu humu zizini."

"Basi Tunu anakula kwa ajili ya kuku. Ng'ombe hurudisha chakula akakitafuna tena. Nguruwe hutafuna mara moja tu, na huyu ana njaa ya kunyonyesha, anameza. Msagie."

Kumsagia nguruwe! Nani aliwahi kusikia? Lakini Subilaga akapiga magoti kwenye jiwe. Kwaru, kwaru, kwaru!

Sasa sikilizeni kosa lake. Kijiji kile mwanamke alipimwa kwa unga. Unga laini, amefunzwa. Unga wenye chenga, mvivu, na mama yake mvivu pia. Basi Subilaga akasaga alivyofunzwa. Akasaga, akachekecha, akasaga tena, ukawa vumbi.

Tunu akaingiza pua. Chya! Akapiga chafya. Unga ukaruka, ukamganda puani. Chya! Akala kidogo, tumbo likamsumbua, kesho yake akakataa chakula. Na kule kwa Ambakisye kisu kinanolewa: shwa, shwa, shwa.

Subilaga akamkimbilia Bibi huku analia. Bibi akaja, akauchota unga ule, akaupuliza. Ukapeperuka wote.

"Mjukuu wangu, huyu ni mkwe wako?"

"Hapana, Bibi."

"Mbona umemsagia unga wa mkwe?"

Bibi akaketi mbele ya jiwe la kusagia. Kwaru! Akapitisha mara moja, punje zikavunjika zikawa chenga ndogo. Akaacha. Subilaga akapeleka mkono ili aendelee. Pa! Bibi akamchapa mkono.

"Watanicheka, Bibi. Wanalisikia jiwe langu."

"Watacheka, ndiyo. Chagua: wakucheke hao, au walie hawa."

Subilaga akachagua. Kila asubuhi: kwaru! Kimya. "Mvivu huyo!" Kwaru! Kimya. "Mama yake hakumfunza!" Maneno yale yalimuuma, tena yalimuuma sana. Akaloweka chenga kwa maji kidogo, akampa Tunu. Tunu akala, na chakula kikakaa mwilini. Maziwa yakarudi.

Mavuno yakaisha. Ambakisye akaja na kisu. Akasikiliza. Hakuna kwii.

"Wamekufa," akasema.

Akachungulia. Tunu amelala ubavu, watoto wamejipanga kwenye matiti, wengine wamesinzia chuchu zikiwa mdomoni.

"Shemeji, umekuja kuchinja?" Subilaga akauliza.

Ambakisye akaficha kisu mgongoni. "Nimekuja... kuomba mtoto mmoja, nikafuge."

"Nitakupa. Kwanza mkeo akubali kuchekwa."

Miaka ikapita. Bibi Anyelwisye alipokufa, wanawake walitakiwa kusaga unga wa msiba. Lakini asubuhi ile, bila kuambizana, kila mwenye nguruwe anayenyonyesha alimsagia kwanza chenga zake. Kwaru! Kimya. Kwaru! Kimya. Kijiji kizima. Na waliomcheka Subilaga ndio waliolia kuliko wote.

Wanangu, ukimpenda mtu, mpe kinachomfaa yeye, si kinachokupa sifa wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyobaki ni yenu, mkawasimulie wadogo zenu.