Jogoo Aliyelipa Karo

Hapo zamani, wala si zamani za kutisha, kulikuwa na msichana milimani Taita akiitwa Righa. Msianze kuniuliza zamani ipi. Ni zamani ile ambayo simu zilikuwa zimeshafika kijijini, lakini ukitaka kuongea lazima upande juu ya jiwe nyuma ya kanisa. Basi, tuendelee.

Righa hakuwajua wazazi wake. Alilelewa na nyanya yake, na nyanya akafariki mwaka uleule Righa alipomaliza kidato cha nne. Akabaki peke yake na alama nzuri mno za mtihani. Chuo cha ufundi kule bondeni kikamwita akasomee umeme. Umeme! Msichana aliyesoma kwa koroboi tangu darasa la kwanza mpaka la mwisho!

Ila chuo nacho kilikuwa na neno lake: karo ya mwaka wa kwanza iwe imelipwa kufikia Jumatatu asubuhi, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Haya, Righa akakimbia huku, akakimbia kule. Akakimbilia mkopo. Mkopo ukataka wadhamini wenye mishahara, na pale kijijini mwenye mshahara alikuwa mwalimu mkuu peke yake, naye mikopo yake mwenyewe ilikuwa ikimtoa jasho. Akakimbilia basari, ile pesa ya serikali ya kusomesha wasiojiweza. Akaambiwa, pole binti, imeshagawanywa, jaribu mwakani. Akasuka watu nywele mpaka vidole vikavimba, na alichopata kilikuwa nauli tu. Sasa ikabaki nini? Ikabaki harambee.

Harambee ikaitishwa Jumamosi, uwanjani pa kanisa. Mgeni wa heshima akatuma salamu badala ya kuja. Mvua, ambayo haikualikwa, ikaja. Watu wakajibanza chini ya turubai linalovuja, wakanadi kabichi, wakanadi blanketi, wakanadi sufuria isiyo na mfuniko. Mchana ukapita, mweka hazina akatikisa kichwa. Hata nusu ya karo haijafika. Righa alikuwa ameketi mbele kabisa, anatabasamu kama alivyoagizwa atabasamu, na moyoni anaona chuo kinampita hivihivi.

Hapo ndipo alipoingia Bi Mkanjala na jogoo kwapani.

Bi Mkanjala alikuwa mjane asiye na mtoto, anaishi nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Akaja mpaka mezani, amelowa chapachapa, akasema, "Huyu ndiye niliye naye. Mnadini." Mweka hazina akanyoosha mkono ampokee, jogoo akamdonoa kidole mpaka damu. Watu wakacheka. Nani asiyemjua jogoo yule? Alishafukuza watoto, akafukuza mbwa, na siku moja akamfukuza padre mpaka barabarani.

Mnadi alikuwa Kiwinda, kinyozi. Mnawajua vinyozi, lakini huyu alikuwa amezidi. Ukikaa kitini mwake ukanyamaza, anauliza yeye, anajibu yeye, na anacheka yeye. Akamnyanyua jogoo juu, akapaza sauti.

"Mwangalieni huyu! Mnadhani huyu ni kuku? Babu yake huyu ndiye aliyewika bendera ya uhuru ilipopanda!"

Uongo mtupu! Hata Bi Mkanjala alimkodolea macho. Lakini watu wakaamka.

Mwachofi, mwenye bucha, akataja bei. Bei ya jogoo, basi, ya kawaida. Na mchezo ungeishia pale, msichana angebaki nyumbani akisuka nywele. Ila Kiwinda akamwona Mwadime, mwenye lori, amesimama upande wa pili wa turubai, akakumbuka jambo.

Mwadime ni shemeji yake Mwachofi, kaka wa mkewe. Na hawa wawili hawakuwa wakisalimiana. Kwa nini? Kwa sababu ya firigisi! Kwenye harusi moja, firigisi, ile nyama ya mwenye heshima, ilitoka jikoni ikapita mbele ya Mwachofi, ikaenda kutua kwenye sahani ya Mwadime. Toka siku hiyo wakikutana njiani, mmoja anakagua mawingu na mwingine anakagua viatu vyake.

Kiwinda akasema kwa upole, kama mtu asiye na nia mbaya, "Sawa, Mwachofi, mchukue. Angalau leo na wewe utaionja firigisi."

Mama yangu! Turubai zima likaangua kicheko, na Mwadime akacheka kuliko wote. Kisha akataja bei ya juu zaidi. Mwachofi akapanda bei. Mwadime akapanda. Mwachofi akapanda tena. Kiwinda akapiga meza, jogoo akawa wa Mwachofi, kwa bei ya mbuzi.

"Afadhali," akasema Mwadime, "jamaa alikuwa na hamu ya supu."

Mwachofi akaruka juu. "Supu? Nani amekuja kununua supu hapa? Nimenunua, nimelipa, na ninamrudisha mezani! Anadiwe tena!"

Si ndivyo mnada wa harambee ulivyo? Mtu ananunua, anarudisha, kuku mmoja anauzwa mpaka anachoka yeye mwenyewe. Mwadime akataja bei, Mwachofi akaipita, akalipa, akamrudisha. Jogoo akafika bei ya ndama. Mwadime akataja, Mwachofi akapita, akalipa, akamrudisha. Mifuko ya suruali ya Mwachofi ikawa imegeuka nje. Na Mwadime, angalieni ujanja wake, kila mara aliacha hatua moja kabla hajashinda. Hakununua hata mara moja! Mwisho Mwachofi akapiga kelele, kwa sauti iliyopasuka, bei ya ng'ombe wa maziwa, na kwa kuwa hakuwa tena na pesa, akaiweka kama ahadi.

Mnazijua ahadi za harambee. Wangapi wameahidi mbele ya watu wakapigiwa makofi, na kesho yake wakaanza kupita njia ya nyuma? Lakini Mwachofi Jumapili akauza pikipiki yake, ile nyekundu aliyokuwa akibebea nyama, akalipa yote. Jumatatu asubuhi Righa alikuwa mlangoni pa chuo na karo kamili mkononi.

Sasa ngojeni, nimeruka jambo. Siku ileile ya harambee, mweka hazina alipotangaza kwamba karo imetimia, Righa alilia mpaka akashikwa kwikwi. Akapewa kipaza sauti aseme asante. Na kwa furaha aliyokuwa nayo, mtoto wa watu, akasema, "Aliyenisomesha leo, siku nitakayohitimu ndiye atakayepanda jukwaani kama mzazi wangu!"

Akarudisha kipaza sauti. Jina hakutaja. Wakati ule hata yeye hakuona tatizo, maana kichwani mwake kulikuwa na shangwe tu. Lakini pale chini ya turubai watu watatu walirudi nyumbani kila mmoja akiwa na uhakika kwamba ametajwa yeye.

Righa akasoma. Mwaka wa kwanza akaongoza darasa, na chuo kile kilikuwa na utaratibu mzuri: anayeongoza halipi mwaka unaofuata. Basi akaongoza tena, na tena. Chakula alikipata kwa kusuka wenzake nywele bwenini.

Naona wewe pale umenyoosha mkono. Unataka kusema alijisomesha mwenyewe. Ni kweli, kwa kiasi fulani. Lakini asingeingia mlangoni angeongoza darasa gani? Na mtu hawezi kujizaa mwenyewe, kwa hiyo shusha mkono.

Ikaja siku ya kuhitimu. Mwanafunzi bora alikuwa Righa. Na desturi ya chuo ni kwamba mzazi wa mwanafunzi bora anapanda jukwaani, anavishwa joho la mwanawe, anaketi kwenye kiti kilichopambwa karibu na mkuu wa chuo, anapigwa picha, na picha inatundikwa ukumbini.

Kwa siku mbili Righa hakuwa amelala vizuri. Aliwahi kuona, mwaka uliotangulia, kijana yatima, mwanafunzi bora wa mwaka ule, akiitwa. "Mzazi wake asimame!" Kimya. "Mzazi wake yupo?" Kimya. Mshereheshaji akakohoa, akaendelea na ratiba, na kijana akashuka anatazama chini. Righa alituma habari nyumbani, ndiyo, lakini njia ni mbaya, watu wana shughuli zao, na nyanya hayupo. Alikuwa akijiambia: likitajwa jina langu, nani atasimama?

"Mzazi wa Righa asimame!" mshereheshaji akaita.

Na ukumbini wakasimama watu watatu kwa mpigo.

Akasimama Bi Mkanjala, kitenge kipya. Akasimama Kiwinda, suti ya kuazima, mikono imefunika vidole. Akasimama Mwachofi, tai imembana shingo. Hata Mwadime, aliyewaleta wote kwa lori lake, alinyanyuka nusu, akakumbuka kwamba hakutoa hata senti, akaona haya, akakaa.

Righa akacheka na kulia papo hapo. Alikuwa ameogopa kimya, na kumbe kimya ndicho kitu ambacho watu wa kwao hawakukileta.

"Mnakwenda wapi?" Bi Mkanjala akawauliza wenzake.

"Kwa mwanangu," akasema Mwachofi.

"Mwanao tangu lini?" akasema Kiwinda.

Mkuu wa chuo, mama mmoja mstaarabu, akashika kipaza sauti. "Jamani, wazazi, kiti ni kimoja. Hebu tuambieni, mzazi wa Righa ni nani?"

Kosa kubwa, kumuuliza Mtaita jambo mbele ya watu.

"Ni mimi," akasema Bi Mkanjala. "Nilitoa jogoo wangu. Sikuwa na kingine."

"Jogoo yule!" Mwachofi akadakia. "Mama, si kijiji kizima kilikuwa kimekwambia umchinje kabla hajamtoa mtoto jicho? Ulikuwa unatafuta pa kumtupa!"

"Alikuwa mkorofi, nakubali. Lakini alikuwa wangu. Mimi naishi na nani pale msituni? Asubuhi alikuwa akiwika, najua kwamba kumekucha na kuna anayeniamsha. Nilipomtoa nyumba ikanyamaza, na mpaka leo imenyamaza. Wewe ulitoa ziada yako. Mimi nilitoa sauti ya nyumbani kwangu."

Ukumbi ukaguna. Mwachofi akalegeza tai.

"Ziada? Bi Mkanjala, ziada gani? Nilitembea na nyama mgongoni mpaka wateja wakaniita punda. Pikipiki sikupata nyingine hadi leo. Karo ililipwa kwa noti, na noti zilikuwa zangu. Kama si mimi, huyu mtoto asingefika hapa."

"Ulilipa kwa ajili yake?" Kiwinda akamuuliza. "Sema kweli mbele ya mkuu wa chuo. Ulikuwa unamwona Righa siku ile, au ulikuwa unamwona shemeji yako?"

Mwachofi akamtupia jicho Mwadime. Kisha akasema, "Jumamosi nilimwona shemeji. Jumapili, wakati nauza pikipiki, shemeji hakuwepo."

"Na jogoo ulimla," akasema Bi Mkanjala.

"Nilimla."

"Na firigisi?"

"Nayo. Ilikuwa ngumu." Watu wakacheka mpaka viti vikalia.

Kiwinda akainua ile mikono yake mirefu ya suti. "Mmemaliza? Sasa nisikilizeni. Jogoo wa mama huyu thamani yake ilikuwa jogoo. Pesa za huyu bwana zilikuwa mfukoni, na zingetoka za jogoo mmoja tu. Nani aliyezitoa nyingine? Nani aliyemgeuza kuku kuwa ng'ombe? Mimi! Nilinadi mpaka sauti ikakauka, wiki nzima nikanyoa watu kwa ishara."

"Wewe ulitoa nini?" Mwachofi akafoka. "Maneno! Tena ya uongo! Babu yake jogoo aliwika uhuru?"

"Na ya uchokozi," akaongeza Bi Mkanjala. "Uligombanisha mashemeji mbele ya kanisa."

"Niligombanisha," akasema Kiwinda. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, sauti yake ikashuka. "Mimi sikuwa na jogoo wala pikipiki. Nilikuwa na mdomo. Nilimwona huyu mtoto pale mbele anatabasamu na machozi yamejaa, nikasema, leo hata kwa dhambi, karo itapatikana. Padre alinipa adhabu, nikaitimiza. Mwingine nani hapa alitubu kwa ajili ya Righa?"

Mkuu wa chuo akawatazama wote watatu, akashindwa. Akageuka, akampa Righa kipaza sauti.

"Binti, ahadi ilikuwa yako. Taja jina moja."

Righa akavua joho, akalishika mikononi. Akamtazama Bi Mkanjala, ambaye hajawahi kuitwa mama na mtu yeyote, anakunja na kukunjua ncha za kitenge. Akamtazama Mwachofi, aliyekuja bondeni kwenye lori la shemeji yake ili asikose siku hii. Akamtazama Kiwinda, aliyeazima suti ya mtu ili aonekane mzazi. Asubuhi aliamka akiogopa kwamba hakuna atakayesimama. Sasa lazima awakalishe wawili, mbele ya watu, kwa mdomo wake mwenyewe.

Mpiga picha ameshainua kamera. Kiti kinangoja. Righa anakisogeza kipaza sauti mdomoni.

Mimi nimefika mwisho wa ninachokijua, na msinitazame hivyo, kazi yangu ni kusimulia na kazi ya kugombana ni yenu. Mmoja alitoa alichokipenda, ingawa kilikuwa kero kwa wote. Mmoja alitoa pesa zilizolipa, ingawa alianza kwa hasira. Mmoja hakutoa senti, ila bila ulimi wake zisingetoka. Joho ni moja na kiti ni kimoja.

Je, lingekuwa mikononi mwenu, mngemvisha nani?