Kinu cha Sikudhani Kilichogoma Kuzunguka

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Sogeeni karibu na moto. Hapo zamani, hata bibi yangu mimi hajazaliwa, waliishi dada wawili wa tumbo moja. Mkubwa, Mashavu, aliolewa Mlangoni, pale milima miwili inapokaribiana. Mdogo, Sikudhani, aliolewa Bondeni, nyuma ya mlima na msitu.

Mashavu alikuwa na kinu cha upepo. Kilizunguka, kilizunguka, unga ukamwagika. Sikudhani naye akachongesha chake: fundi yule yule, mti ule ule, mabawa manne vile vile. Kikasimama tu. Hakikuzunguka!

"Kwa nini, bibi?"

Hata yeye hakujua! Watoto wake walikula mahindi ya kuchemsha mpaka matumbo yakauma. Akachanganyikiwa, akawaambia majirani: "Dada yangu mchawi. Amenifungia upepo."

Akakiuliza kinu: "Kinu, kinu, mbona husagi?"

"Mimi husukumwa, sijisukumi. Kauulize msitu."

Akaenda, akaenda, akafika msituni. "Msitu, msitu, mbona wanizuilia upepo?"

"Sizuii. Upepo hunipita jani kwa jani, ukitoka huko umechoka. Kauulize mlima."

Sikudhani akazidi kuchanganyikiwa. Kila mmoja amtupia mwenzake! Akapanda, akapanda. "Mlima, mlima, mbona wanizuilia upepo?"

"Mimi nimesimama tu. Upepo mwingine hunipanda, ukapita juu ya paa lako. Mwingine hunizunguka, ukatokea Mlangoni. Kauulize wenyewe."

"Akaenda?"

Akaenda, akaenda. Alipofika Mlangoni kanga ikampeperuka, akashika jiwe asianguke. "Upepo! Dada yangu amekufunga kwa dawa gani?"

"Dawa?" Upepo ukavuma. "Hapa milima imenibana huku na huku, napita mbio. Kwenu sipati njia. Dada yako hata jina lake silijui."

Mashavu akasikia kilio, akatoka. "Mdogo wangu! Mbona walia?"

Sikudhani akasema yote, hata lile neno la uchawi. Mashavu akaiokota ile kanga, akamrudishia. Kisha akasema, "Kilete kinu chako hapa, tusage pamoja. Lakini maneno yako kayazoe mwenyewe."

Sikudhani akarudi Bondeni, akapita nyumba kwa nyumba: "Dada yangu si mchawi." Wengine walimfungulia mlango. Wengine hawakufungua. Kwa hao alirudi kesho yake, na siku iliyofuata tena. Na kinu chake kikahamia Mlangoni, kikazunguka.

Wanangu, upepo hauna upendeleo; ardhi ndiyo huupa njia. Jambo likikutatiza, uliza kwanza kabla hujamtaja mtu kwa ubaya. Yangu yamekwisha, mwenye yake na aanze.