Sange Aliyeajiriwa Kukosea

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa nani?"

"Pakawa wenye miguu."

"Na yule ambaye miguu yake haimsikii?"

"Naye akae karibu, asikie yeye."

Basi sikieni. Palikuwa na Sange. Asiyemjua Sange na amjue sasa: ni mnyama mdogo kuliko panya buku, mwenye miguu myembamba kama njiti, na pua ndefu ambayo hufika kila mahali kabla yake. Wapo wanaodai kwamba pua ile ni mkonga na kwamba Tembo ni mjomba wake. Dai hilo sijaliona likithibitishwa, kwa hiyo naliacha nje ya mlango.

Sange alikuwa mwanafunzi katika chuo cha Bundi, akisomea kanuni za msitu. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha karanga kwa juma. Jumatatu alikula karanga, Jumatano alikula maganda, Ijumaa alinusa mkoba. Hilo halikumsumbua sana, kwa kuwa wenzake wote chuoni walinusa mikoba siku hiyo hiyo. Lililomsumbua ni kuona haya. Akitazamwa na mmoja, masikio yalimwaka moto. Akitazamwa na wawili, magoti yaligongana, ko-ko-ko.

Dada yake, Sikudhani, akaposwa, na harusi ikapangwa iwe baada ya siku ishirini. Desturi ya pale ilikuwa hivi: ngoma ya harusi hufunguliwa na kaka wa bibi harusi. Kaka asipocheza, hufunguliwa na mwalimu wa ngoma. Na aliyeifungua ndiye anayeanza kula.

Mtasema kuanza kula ni jambo dogo. Ni dogo, ikiwa mwalimu wa ngoma si Kiboko. Kiboko akianza kula, hakuna wa pili. Katika harusi tatu zilizotangulia, wageni walinawa mikono, wakakaa, wakanawa tena, wakarudi makwao. Wataalamu husema kiboko hula majani tu. Sibishani nao, nauliza tu kama walipata kualikwa.

Sikudhani akamwendea kaka yake. Alijua haya zake tangu utotoni, wala hakumlaumu. Alimwambia tu neno moja.

"Kaka, mimi siombi zawadi. Nataka wageni wangu wale."

Sange akatafuna ncha ya pua yake usiku kucha. Kulipokucha akaenda kwa Kiboko.

Uwanja wa Kiboko ulikuwa kando ya bwawa. Wanafunzi wake ishirini walicheza juu ya mchanga, Nguchiro akipiga ngoma. Mwalimu mwenyewe alifundisha akiwa ndani ya maji, macho nje, masikio nje, pua nje, mengine yote chini. Sange akatoa shikamoo, akasema anataka kujifunza kucheza, akafungua mkoba wake.

Kiboko akauchungulia. "Hii ni ada," akauliza, "au ni harufu yake?"

Sange akajibu kwamba hiyo ni posho ya juma zima. Kiboko akacheka, bwoh, bwoh, bwoh, hata maji yakawalowesha waliokuwa mstari wa mbele. Kisha akamweleza taratibu za uwanja. Kila hatua moja ya ngoma hulipiwa vibaba saba. Juu ya hapo ipo faini, nayo ina kanuni yake.

"Kosa ni kutofautiana na mstari," akasema Kiboko. "Mwenye kutofautiana na mstari hulipa kibaba papo hapo."

Sange akamwomba airudie. Kiboko akairudia, kwa sauti kubwa zaidi, maana aliipenda. Aliitunga hivyo kwa sababu moja: kutoka ndani ya maji hakuweza kuiona miguu. Aliona vichwa. Vichwa vyote vikipanda na kimoja kikishuka, chenye kushuka kililipa.

Sasa, chuoni kwa Bundi, Sange alikuwa amefundishwa kwamba kanuni husikilizwa hadi neno la mwisho, kisha husikilizwa lile ambalo halikusemwa. Akasikiliza. Akautazama mstari. Wale ishirini walikuwa wamecheza miezi mingi, na hawakukosea tena. Akalitazama kapu la faini. Lilikuwa na karanga mbili, na moja imeoza.

"Mwalimu," akasema, masikio yakimwaka, "kinachopungua chuoni kwako si mwanafunzi hodari. Unao ishirini. Huna anayekosea."

Kiboko akatoa pua zaidi nje ya maji.

"Niweke mbele ya mstari bila ada," akaendelea Sange. "Mimi nitakosea kila siku bila kuchoka. Walio nyuma yangu watanifuata bila kujua, nao watalipa. Mimi nisilipe, kwa kuwa kosa ndiyo kazi yangu."

Kiboko akapima. Upande mmoja aliona kapu likijaa. Upande wa pili aliona kaka wa bibi harusi akizoezwa makosa siku kumi na tisa mfululizo, halafu akafungue ngoma. Pande zote mbili zikamvimbisha tumbo. Akakubali mbele ya mashahidi.

Ngoma ikaanza. Ndu, ndu, ndu, kacha! Kwenye "kacha" wote hukanyaga mbele kwa mguu wa kulia. Wote wakakanyaga mbele. Sange, kwa haya, akarudi nyuma nusu hatua, akageuka kutazama nani anamtazama.

Ndu, ndu, ndu, kacha! Wote mbele. Sange nyuma nusu hatua, akageuka.

Wakamcheka. Kanga, ambaye hakujaliwa kunyamaza, akamwuliza kama amesahau kufunga mlango nyumbani. Lakini lilitokea jambo ambalo Sange mwenyewe hakulitazamia. Kila walipocheka, alikumbuka kwamba ameajiriwa kuchekwa. Mwenye kazi yake hana haja ya kuona haya akiifanya. Siku ya pili magoti yaligongana kidogo. Siku ya tatu yaligongana kwa kufuata ngoma.

Na alikuwa makini. Kosa lake lilikuwa moja, mahali pamoja, kila mara: nusu hatua nyuma, kugeuka, pua juu. Sijui kama kosa linalofanywa sawasawa kila mara laweza bado kuitwa kosa. Wenye elimu kuliko mimi wamegawanyika juu ya swali hilo.

Siku ya nne, Kanga akajikuta amerudi nyuma nusu hatua. Ukiacha cha Sange, kichwa chake kikashuka peke yake, akalipa kibaba. Siku ya tano akarudi tena, akalipa tena, akamwendea Sange amenuna manyoya yote.

"Wewe mtoto wa watu, umenitia ugonjwa gani? Mguu wangu sasa unapenda kwenda nyuma."

Sange akamwomba radhi, akamshika bawa, akamtenga kando ya matete. Akamwuliza kama anajua kwa nini alilipa. Kanga akasema alilipa kwa sababu alikosea.

"Hapana, dada. Ulilipa kwa sababu ulikuwa peke yako. Rudia kanuni yake polepole."

Kanga akairudia polepole. Alipofika mwisho akasema, "Ala," akakaa chini.

Mstarini walikuwa ishirini na mmoja, Sange akiwamo. Walihitajika kumi na mmoja. Tangu siku hiyo, wakati wa mapumziko, Kanga alimleta matetini mmoja baada ya mwingine, wale waliochoshwa na faini kwanza; na Sange, yule aliyekuwa haachi kutetemeka mbele ya wawili, akawafundisha tisa. Nusu hatua nyuma. Geuka. Pua juu. Wasio na pua wakainua walichonacho. Akawasihi wasiifanye mapema, waifanye pamoja.

Siku ya kumi na mbili wakaifanya pamoja. Ndu, ndu, ndu, kacha! Vichwa kumi na kimoja vikashuka, vichwa kumi vikapanda. Kiboko alikuwa akitafuna. Akafumbua jicho moja, akahesabu walio wachache, akawatoza. Hao kumi wakalalamika kwamba wao ndio waliocheza sawa. Kiboko akawajibu kwamba kanuni ni kanuni, huku mdomo umejaa. Kesho yake, wasitake kulipa mara ya pili, nao wakarudi nyuma nusu hatua, wakageuka.

Tangu hapo vichwa vyote vilipanda pamoja na kushuka pamoja. Kiboko akisikia mlio mmoja, tap, alisema "Vizuri" bila kutazama, akaendelea kutafuna karanga alizokwisha kupata.

Siku ya harusi ikafika. Alasiri pakawa na wageni, pakawa na masufuria ya wali wa nazi, pakawa na Kiboko aliyekaa karibu na masufuria kuliko bwana harusi alivyokaa karibu na bibi harusi. Akasimama kabla ya kuombwa. Akawaeleza wageni kwamba anasikitika, kwamba binti huyu ana kaka ambaye yeye mwenyewe amemfundisha na hakufundishika, na kwamba yuko tayari kubeba mzigo wa kufungua ngoma na ule unaofuata.

Sikudhani akasema tu, "Kaka yangu yupo."

Sange akatoka. Wanafunzi ishirini wakajipanga nyuma yake. Mbele yake palikuwa na macho ya ukoo wa bwana harusi, na macho ya ukoo ule ni mengi. Masikio yakawaka. Magoti yakaanza, ko-ko-ko. Hapa hakuwa na kazi ya kukosea. Hapa alikuwa kaka. Nguchiro akaanza. Ndu, ndu, ndu. Sange akajua kwamba hawezi.

Kacha!

Akarudi nyuma nusu hatua kwa haya ya kweli, akageuka kutazama nani anamtazama. Hakuna. Wote ishirini nao walikuwa wamegeuka, wanatazama nyuma, na pua juu. Watoto wa upande wa bwana harusi, walioona mwendo ule unapendeza, walikuwa wameshageuka. Shangazi zao wakageuka. Uwanja mzima ulitazama upande mwingine, na katikati ya uwanja Sange alikuwa huru kama mtu aliye peke yake chumbani.

Ndu, ndu, ndu, kacha! Akacheka. Ndu, ndu, ndu, kacha! Magoti yakacheka. Vigelegele vikapaa.

Kiboko akang'aka kwamba huo ni uongo, kwamba hatua ni mbele, atawaonyesha hatua ya kweli. Akaruka kati yao. Ndu, ndu, ndu, kacha! Wote nyuma nusu hatua. Kiboko mbele, guduu. Akabaki peke yake kwenye mchanga mtupu, akitazama migongo. Akarudia. Guduu. Migongo tena.

Nguchiro akanyamazisha ngoma. Kanga akauliza, kwa upole ambao hakuzaliwa nao, ni nani hapa aliyetofautiana na mstari.

"Mimi ni mwalimu," akasema Kiboko. "Mstari hunifuata mimi."

"Labda," akasema Sange. "Lakini kanuni yako, mwalimu, haikutaja mwalimu wala mwanafunzi. Imemtaja mwenye kutofautiana. Kama kuna neno nimelisahau, tafadhali liseme sasa mbele ya mashahidi."

Kiboko akafumbua kinywa. Kinywa kile ni kikubwa, watu wakasubiri muda mrefu. Kilichotoka ni neno moja tu: "Kapu."

Kapu la faini likaletwa kutoka bwawani liwe malipo yake, karanga zilizosalia zikamiminwa katika mchuzi, na mchuzi wa karanga ule bado unasifiwa na walioula. Sange akaonja kwanza, kijiko kimoja, akampa dada yake sahani. Kisha wageni. Kiboko alipoona hakuna njia nyingine ya kufika chakulani, akajipanga mwisho wa mstari akajifunza. Nusu hatua nyuma. Akageuka. Hakukosea hata kidogo, ila kila alipogeuka aliona sufuria jingine likisuguliwa.

Hadithi naitua hapa. Mwenye bega na aibebe. Aliyesinzia asiamshwe, atasimuliwa na majirani.

Lakini waliotutangulia hawaruhusu ngano iende bila funzo, nami sina mamlaka ya kubadili walilonikabidhi. Funzo ni hili: mtoto mwema humfuata mwalimu wake na hakosei kamwe. Ikiwa mmesikia ushahidi kinyume cha hayo, ulitolewa na wanyama, na wanyama hawakuapishwa.