Kidole cha Mgawaji

Paukwa?
Pakawa.
Kilichopikwa?
Kimeshaliwa.
Kilichobaki?
Maneno.

Basi sogeeni tuyale hayo maneno. Wewe uliyeegemea mlango, ingia au toka, upepo unanipiga mgongoni. Na mwenye kusinzia aende akalale kwao, maana hadithi hii si ya kuchekesha na mimi sirudii.

Hapo kale palikuwa na mtu na mama yake. Mtu akiitwa Faki, mama akiitwa Bi Mize. Bi Mize kazi yake ilikuwa kusuka ukili, ile mishipi ya miyaa inayoshonwa ikawa mkeka. Asubuhi anasuka, mchana anasuka, jioni anasuka. Hakuwa na mume, hakuwa na ndugu, hakuwa na mtoto mwingine. Alikuwa na Faki, basi.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Muhogo ukakauka ukawa kuni. Akapita tajiri mmoja, amenenepa kama mwaka ule haumhusu, akamwambia Faki, "Twende nyuma ya milima. Kuna nchi wanachimba chumvi, kazi haiishi."

Faki akaenda kuaga. Bi Mize hakuinua macho, vidole vyake vinaendelea na ukili.

"Nenda, baba. Njaa tunaiona sote, siwezi kukuzuia. Ila nina neno moja. Siku yangu ikifika, uje unililie wewe. Sina mwingine. Nisifukiwe kimya kimya kama paka."

"Nitakuja, mama."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Mmesikia alivyoahidi? Haya, shikeni hapo, msipaachie.

Wakaenda. Wakapanda, wakashuka, wakapanda, wakashuka, mpaka wakafika. Chumvi hakuna, shimo limejaa maji ya mvua. Tajiri akamwambia Faki, "Ningoje hapa sokoni, naenda kutafuta pa kulala." Faki akangoja siku hiyo. Akangoja siku ya pili. Siku ya tatu akaelewa kwamba ameachwa.

Sasa yuko nchi ya watu. Vijisenti alivyokuja navyo, muuza ndizi alikiuma kimoja kwa jino, akamrudishia. "Hiki kibati cha kwenu. Hapa hatukijui."

Faki akaenda kisimani, akasema, "Nipeni kazi ya kuteka maji." Wakamuuliza, "Nani anakujua?" Akasema, "Hakuna." Wakasema, "Basi pita."

Akaenda kwa watwanga nafaka. "Nani anakujua?" "Hakuna." "Basi pita."

Akaenda machinjioni, akaomba hata kuosha matumbo. "Nani anakujua?" Mara hii akapita mwenyewe.

Akaokota maganda ya ndizi akala. Yalipokwisha akatafuna majani, akatapika, akayatafuna mengine. Nyinyi mnaokunja nyuso, njaa hamjaijua.

Siku moja akasikia kilio. Akakifuata. Niseme kweli, alifuata harufu ya wali. Akakuta msiba, watu wameketi mistari kwa mistari, na katikati bibi mmoja mkavu mwenye upawa. Huyo ndiye Mgawaji. Mila ya nchi ile ni hii: chakula cha msiba ni cha waliao. Mgawaji anapita mtu kwa mtu, anakupitisha kidole chini ya jicho. Kidole kikitoka na maji, unapewa sahani. Kikitoka kikavu, anakuruka.

Faki akaketi. Akajaribu kumlilia marehemu, lakini marehemu mwenyewe hamjui, angemliliaje? Mgawaji huyo anakuja. Faki akafumba macho akamfikiria mama yake. Akamwona anaumwa, yuko peke yake, anaomba maji na hakuna wa kumpa. Machozi yakashuka. Na maneno yakamtoka yenyewe:

*Mama, mbona umenyamaza,*
*ukili umeuacha nusu,*
*nani ataumaliza?*

Watu wakageuka. Kilio kama kile hawajapata kukisikia. Kidole kikapita, kikalowa. Akapewa sahani, akala mpaka akalamba vidole.

Msiba wa pili ukaja baada ya siku nyingi, na njaa ilikuwa imemrudisha kwenye maganda. Akaketi, akafumba macho, akamfikiria mama anaumwa. Haukutoka hata unyevu, kule alishakupita. Basi akaenda mbele. Akamwona amekufa, yuko juu ya kitanda cha kamba, anaoshwa na watu wasio wake. Machozi yakaja. *Mama, mbona umenyamaza, ukili umeuacha nusu, nani ataumaliza?* Kidole kikalowa, sahani ikaja.

Mgawaji safari hii hakuondoka. Akamwinamia.

"Mgeni, unamlilia nani?"

"Marehemu, bibi."

"Usinidanganye, nimeshika macho ya watu miaka arobaini. Huyo unayemlilia yu hai?"

Faki akatazama wali wake. "Yu hai. Ni mama yangu."

"Na siku akifa kweli, utamlilia na nini?"

"Bibi, acha nile kwanza."

Msimcheke. Hata mimi ningesema acha nile kwanza.

Msiba wa tatu ulikuwa wa mkuu wa mji. Alikuwa mkatili, hata wanawe walikaa wakavu, na kuzikwa mkuu bila machozi ni aibu ya ukoo mzima. Mwanawe mkubwa akamwendea Faki. "Wewe ndiye unayelia vizuri. Mlilie baba siku tatu. Ukimaliza tutakupa punda na chakula cha njia, urudi kwenu."

Kurudi kwao. Ndilo alilokuwa akilitaka tangu siku aliyoachwa sokoni. Akakubali.

Siku ya kwanza akamvisha mama sanda moyoni, akalia. Siku ya pili akamteremsha kaburini, akalia. Siku ya tatu akatafuta, akakuta hakuna kilichobaki, mama ameshazikwa na watu wametawanyika. Mgawaji huyo anakuja, na punda aliyeahidiwa amefungwa pale uani. Basi Faki akafanya jambo baya. Akamfukia mama yake yu hai, akamsikia anamwita kwa jina kutoka chini ya udongo, Faki, Faki, Faki. Hapo akalia mpaka akavimba uso. Mgawaji akapitisha kidole, akakitazama.

Wakampa punda.

Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka, akafika kwao. Mvua zimerudi, muhogo umechipua.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba."

Bi Mize yu hai, ameketi pale pale, ukili mkononi, macho yameingia ukungu. Akanyoosha mikono akampapasa Faki usoni. Na Faki anamtazama, anangoja furaha ije, haiji. Anamtazama kama mtu wa zamani ambaye msiba wake umeshakwisha.

"Mwanangu, mbona uso wako mkavu? Mimi hapa nalia."

Faki hakuweza kumdanganya. Akamweleza yote, maganda, mistari ya watu, kidole, punda. Bi Mize akaacha kusuka. Siku ya kuagana hakuacha, siku hii akaacha.

"Umenizika mara ngapi?"

"Mara tatu, mama."

"Sanda ilikuwa nzuri?"

"Nzuri, mama. Nyeupe."

"Nilikulisha nikiwa hai, kumbe na maiti yangu nayo imekulisha. Sikulaumu, mama hulisha. Lakini sasa nani atanililia?"

Mama akageukia ukuta.

Wakaishi hivyo miezi michache. Faki alimpikia, alimwogesha, alimletea miyaa. Kila siku alimtazama akijaribu kumrudishia uhai moyoni mwake, ikashindikana. Kisha Bi Mize akafa kweli, asubuhi, ukili mapajani, nusu.

Majirani wakaja. Wakaketi mkekani, wakamtazama mtoto wa marehemu, wanangoja aanze. Faki akafumba macho. Akaita ugonjwa, akaita sanda, akaita kaburi. Vyote vilikuja, vimechakaa, havina maji. Watu wakaanza kunong'onezana. "Mama mmoja tu, na hata chozi hana." Bi Mize alikuwa anakwenda kufukiwa kimya kimya kama paka.

Ndipo pale ukingoni mwa mkeka mtu akalia.

Mtu mzima, mgeni, nguo zimemchakaa, miguu imepasuka kwa njia. Hakuna aliyemjua. Analia kwa sauti, na maneno yake ni haya:

*Mama, mbona umenyamaza,*
*ukili umeuacha nusu,*
*nani ataumaliza?*

Watu wakaduwaa, maana ukili kweli ulikuwa nusu. Kijana mmoja akainuka amfukuze. Faki akamzuia, akaenda mwenyewe akachuchumaa mbele ya mgeni. Mgeni kuona mtu amemchuchumalia, akainua uso na kufumba macho, anangoja. Faki akampitisha kidole chini ya jicho. Kikalowa.

Akaenda jikoni, akarudi na sahani iliyojaa, akamwekea. Mgeni akala kwa pupa. Alipopunguza kasi, Faki akamuuliza polepole, "Kilio hiki umejifunzia wapi?"

"Kwetu, nyuma ya milima. Alikuja mgeni mmoja, hakuna anayemjua, akalia hivi akashiba. Nami huku hakuna anayenijua. Nikasema labda ndivyo watu wanavyokula ugenini."

"Mama yako yu hai?"

Mgeni akaacha kutafuna. "Nilimwacha yu hai."

"Umemzika mara ngapi?"

Mgeni akainamisha kichwa. "Mara mbili."

"Usifike tatu," Faki akasema. Akaenda akamfungua punda, akamfungia muhogo na maji, akampa kamba mkononi. "Huyu anaijua njia. Nenda leo hii, usingoje maziko."

Mgeni akashika njia ya milimani. Majirani wakauliza, "Faki, huyo nani?"

"Ni mtu aliyemlilia mama," akasema.

Wakaenda kuzika. Waliporudi, Faki akaketi mahali pa mama yake, akauweka ule ukili mapajani mwake. Akapitisha kidole chini ya jicho lake mwenyewe, akakitazama. Kikavu.

Nilichokuwa nacho mdomoni nimekitema chote. Mwenye mama aliye hai na anyanyuke sasa hivi akamwamkie. Mimi nazima taa.