Vimulimuli Juu ya Matete

"Kimulimuli huonyesha maji, haonyeshi mlango." Shangazi yenu alipomwambia Chediel maneno haya asubuhi, nyinyi mlicheka, mkadhani anazungumzia wadudu. Chediel anahamia kazi ya ugenini, na kichwani mwake mambo ya huko yatakwenda kama yanavyokwenda hapa. Basi acheni kucheka mnisikilize, maana msemo huu ulizaliwa na hofu, na chanzo chake ni hiki.

Zamani, nyanda za chini za Upare zilipokaukiwa mwaka hata mwaka, mama mmoja aliyeitwa Nakijwa alihama na mumewe Mbonea na binti yao mdogo, Namsifu. Wakaenda kulima mpunga katika bonde la Kilombero, mbali sana na kwao.

Sasa, kule kwao vimulimuli walikuwa adimu. Mdudu yule hupenda unyevu, na nchi ile ilikuwa vumbi tupu. Maji yalipita mahali pamoja tu, kwenye mfereji uliotoka katika ndiva, lile bwawa la kijiji, ukazunguka nyuma ya nyumba kwenye migomba. Kwa hiyo ukitembea gizani nyikani hukuona hata mmoja, na ukimwona wa kwanza ulijua nyumba ziko karibu. Kila mtoto alifundishwa hivyo: ukimwona kimulimuli, umefika. Na kwao ilikuwa kweli.

Mpunga ulipokaribia kuiva, Mbonea alikuwa akishinda na kulala shambani, juu ya dungu, jukwaa la kulindia mazao, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Jioni moja Nakijwa alishikwa na homa, akamtuma Namsifu ampelekee baba yake chakula. Mtoto akasitasita. Hakuwahi kwenda peke yake, na alitaka kujua afanyeje giza likimkuta wakati wa kurudi. Nakijwa akamjibu kama mama yake alivyokuwa akimjibu yeye.

"Wafuate vimulimuli, mwanangu. Walipo wengi ndipo nyumbani."

Jua likazama, Namsifu hajarudi. Nakijwa akajidanganya kwamba mtoto amekaa kula na baba yake. Akachochea moto usiohitaji kuchochewa. Akatoka nje kuita, akajibiwa na vyura. Giza lilipotanda akasahau homa, akaenda kwa jirani yake Mama Tunu, mzaliwa wa bonde lile, kumwomba amsindikize mpaka dunguni.

Mama Tunu akauliza mtoto aliambiwa nini alipokuwa anaondoka. Nakijwa akamweleza. Yule mama akatazama upande wa mtoni. Huko, juu ya matete, vimulimuli walikuwa wakiwaka na kuzima, wengi ajabu, na Nakijwa naye akageuka kutazama.

"Mama Namsifu," jirani akasema polepole, "huku kwetu, walipo wengi hapana nyumba. Pale ni kinamasi."

Nakijwa alitaka kukimbia. Mama Tunu akamshika mkono, akamvuta kwanza mpaka nyumba ya Nakijwa mwenyewe, iliyokuwa njiani kuelekea mtoni, akaung'oa mlango, ambao ulikuwa wa mianzi iliyosukwa.

"Mlango wa nini, na mwanangu anakufa?" Nakijwa akalia.

"Ukiyaingia matope yale kwa miguu tutatafuta wawili. Shika upande huo."

Wakaenda wakiita. Kila walipoita walisimama kusikiliza, na kule kusimama ndiko kulikomtesa Nakijwa kuliko yote, maana aliogopa kusikia kimya. Hatimaye sauti nyembamba ikaitika kutoka katikati ya mwanga ule. Baba mtu alikuwa amemruhusu mapema, lakini njia za majaruba ya mpunga hufanana, mtoto akapotea, na giza lilipoingia akatii alichoambiwa. Walimkuta amezama hadi kifuani, ameng'ang'ania matete.

Mama Tunu akalaza mlango juu ya matope, akajilaza juu yake kifudifudi, akasogea kidogo kidogo huku Nakijwa akimshikilia miguu. Akamkamata mtoto kwapani, akamvuta. Walipokuwa wote watatu kwenye ardhi ngumu, mlango wenyewe ulikuwa umekwisha kumezwa.

"Niliwafuata, Mama," Namsifu akasema, meno yakigongana. "Wakazidi kuwa wengi, nikajua nimefika."

Nakijwa akamfunika kwa kanga yake. Alimbeba mwenyewe njia nzima, akakataa kupokewa.

Akamwosha, akamlaza. Kisha, kwa kuwa nyumba haikuwa na mlango tena, akaketi yeye pale mlango ulipokuwa, akawa kizuizi. Nyuma ya mgongo wake bonde zima liliendelea kumetameta, naye hakugeuka kulitazama. Kila Namsifu aliposhtuka akauona mwanga ule, alitaka kuinuka aufuate, kwani ndivyo alivyofunzwa. Kila mara Nakijwa alimlaza tena, akamnong'oneza maneno ambayo hakuyapata kwa mama yake wala kwa mtu yeyote, akayarudia mpaka usingizi ulipomchukua mtoto:

"Kimulimuli huonyesha maji, mwanangu. Haonyeshi mlango."