Chiriku wa Bi Kazija na Mgeni wa Darini

Paukwa!
Pakawa!
Mwenye usingizi?
Akalale kwao!
Mwenye woga?
Asogee karibu!

Hapo kale paliondokea bibi mmoja, jina lake Kazija, mfugaji wa chiriku. Paka aliwala wote, akabaki jike mmoja aliyekuwa karibu kutaga. Mayai hayo yasipoanguliwa, mbegu imekwisha, na nyumba ya Kazija imekuwa kimya.

Chiriku hutaga yai moja kila siku. Mfugaji hulitoa, akalilaza kwenye pamba, na kiotani akaweka kidonge cha udongo mfano wa yai, ili mwisho mayai yote yaatamiwe pamoja. Ndivyo alivyofanya Kazija.

Siku ya kwanza, adhuhuri, nyoka akaning'inia kutoka darini.

"Hodi, Kazija. Nataka yai. Ukipiga kelele, namla mama mtu."

Akapenyeza kichwa kati ya vijiti vya tundu la chiriku, akameza kidonge, huyoo! Kazija akawaza moyoni: Akijua nimemlisha udongo, nimekwisha!

Siku ya pili akaja, akameza, akaenda zake.

Siku ya tatu akaja, akameza, akageuka. "Kazija, mbona mayai yako mazito?"

Jamani! Kazija akababaika, "Ni... ni chiriku wangu, anakula akashiba."

Siku ya nne nyoka akasema, "Leo sitaki yai. Namtaka mama mtu."

Kichwa kikapita. Shingo ikapita. Tumbo, lenye vidonge vitatu, likakwama kati ya vijiti! Mbele haendi, nyuma harudi. Lakini kinywa, jamani, kimebakiza kidole kimoja tu kumfikia chiriku. Na chiriku kakalia yai lake, hajongei.

"Tia mkono, Kazija," nyoka akafoka. "Tia uone!"

Kazija akalia kwa hofu. Akafumba macho, akatia mkono kwenye mlango wa tundu. Akagusa ubaridi. Akagusa unyoya. Akavuta kiota, chiriku juu yake, akatoka mbio mpaka kwa jirani. Watu wakaja na mipini ya majembe, nyoka wakammaliza humo humo.

Kazija akamrudishia chiriku mayai matatu ya kwenye pamba. Makinda manne yalipototolewa, yote siku moja, jirani akauliza, "Bi Kazija, hukuogopa?"

"Niliogopa, mwanangu. Lakini yule mama hakuinuka. Mimi ningekimbiaje?"

Hadithi yangu nimeitua hapa. Atakayeiokota, aende nayo kwao.